Nani Aliwahamisha Mabibi wa Kariakoo?

Mjadala wa Kariakoo, hapa Dar es Salaam, una mada zake za kudumu. Wafanyabiashara na kodi, kama kwenye mgomo wa Mei 2023 uliomfikisha Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Moto wa soko kuu, Julai 2021. Ghorofa lililoanguka Novemba 2024. Wamachinga wanaopangwa leo na kupanguliwa kesho. Katika yote hayo Kariakoo huzungumzwa kama duka moja kubwa lenye mitaa ndani yake, na watu wanaotajwa ni wa aina mbili tu, muuzaji na mnunuzi. Wapo wa tatu waliotoweka pale bila mgomo wala tangazo: wazee wenye nyumba. Nawasema wale mabibi na mababu ambao watoto wengi wa jiji hili, wa rika langu, walipelekwa kwao Jumamosi asubuhi wakarudishwa Jumapili jioni wakinuka mafuta ya kukaangia.

Tukikutana sisi wa rika hilo, stori huenda moja kwa moja kwenye mdomo na pua. Kashata na kahawa chungu. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili iliyokutoa machozi. Miwa iliyomenywa na kukatwa vipande. Nazipenda stori hizo na ninazo zangu nyingi, ila nadhani zinaficha jambo. Soko lilikuwepo kabla yetu na bado lipo, kubwa kuliko lilivyowahi kuwa, na watoto wa leo hawapati chochote cha namna ile wakipelekwa pale kununuliwa viatu vya shule. Kilichotupa utoto ule kilikuwa nyumba ya aina fulani, iliyomilikiwa kwa namna fulani, yenye mwanamke mzee aliyeketi mlangoni na kujua kila mtu aliyeingia na kutoka.

Nyumba yenyewe wengi mnaijua. Mlango wa mbele katikati, korido iliyonyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kila upande, halafu uani: jiko, msala, stoo, na banda la vyumba viwili vitatu lililoongezwa mwaka ambao mambo yalikaa sawa. Mbele kuna baraza ya saruji, iliyosuguliwa na makalio mpaka ikang'aa. Ni ramani nyepesi kuliko zote mjini, hata mtoto anaweza kuichora kwa kijiti mchangani. Ujanja ulikuwa kwenye mgawanyo. Babu na bibi, wazazi wa mama yangu, walikaa chumba kimoja tu, cha kwanza kulia. Sisi wajukuu tukija tulilazwa humohumo chini, kwenye jamvi, miguu ikiingia uvunguni. Vyumba vingine vyote vilikuwa na watu: fundi cherehani aliyetoa mashine yake barazani kila asubuhi, muuza nazi wa Shimoni, yaani sehemu ya chini ya soko, na mkewe na watoto, ndugu wawili wa Kilwa waliouza samaki wakavu, mpishi wa hoteli moja ya mjini ambaye sisi watoto tulimwona mara chache kwa kuwa alilala mchana.

Babu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, kuli wa bandarini mpaka mgongo ulipokataa. Bibi alitoka Rufiji. Aliniita mume wake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kwa kuwa mume hula kwanza, kitumbua cha kwanza kutoka kwenye kikaango kilikuwa changu, cha pili cha dada yangu aliyebaki amenuna. Babu naye dada alikuwa mkewe, kwa hiyo nyumba ilikuwa na ndoa tatu na ugomvi wa kutosha.

Sasa tuitazame nyumba ile kwa jicho la hesabu. Kodi ya vyumba ilikuwa pensheni ya wazee wawili, mmoja wao akiwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa na yeyote. Vitumbua vilikuwa mshahara wa juu, na wateja wa kwanza walikuwa wapangaji wenyewe, kisha wachuuzi waliokuwa wakipita alfajiri kwenda sokoni. Usiku, matenga ya nyanya na mikungu ya ndizi ambayo haikuuzika ililala koridoni kwa malipo madogo, maana mtu aliyejua sokoni kuna panya na wezi aliona heri amlipe mama mwenye nyumba. Mizani ya muuza nazi ilikaa chini ya kitanda cha bibi. Hata fedha za akiba za wale ndugu wa Kilwa alizitunza yeye, zimefungwa kwenye kitambaa, kila mmoja na fundo lake. Kwa chumba kimoja cha kuishi, kikongwe yule aliendesha nyumba ya kupanga, ghala, mgahawa na benki.

Na aliendesha shule ya chekechea pia. Mke wa muuza nazi alikuwa na genge, akitoka kabla ya jua. Nani alilea watoto wake? Bibi, kwa kuwa yupo hapo mlangoni, na kwa kuwa sisi wajukuu tulikuwa tayari tunatazamwa, wawili watatu zaidi hawakumzidishia kitu. Kodi ya familia ile ikichelewa, hapakufungwa mlango kwa kufuli. Mama yule alichota maji, akakuna nazi za vitumbua, mwezi ukapita. Yalikuwa makubaliano yasiyoandikwa kokote, na yaliwezekana kwa sababu mwenye nyumba na mpangaji walitumia msala mmoja.

Naweka mkazo hapo. Mwenye nyumba aliishi ndani. Leo tunasikia malalamiko ya kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ya dalali aliyekula hela akapotea, ya mwenye nyumba ambaye mpangaji hamfahamu hata sura. Yote hayo yanatokana na nyumba na mwenye nyumba kutengana. Bibi hakuwa mtakatifu. Alikuwa na ulimi, na binti mpangaji aliyerudi usiku sana aliusikia mtaa mzima. Lakini hakuweza kupandisha kodi Jumatatu halafu Jumanne akae barazani na watu walewale akiulizwa, "Bi mkubwa, ndiyo nini tena?"

Wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache Kariakoo. Historia ya eneo lile inasaidia kuelewa kwa nini. Chini ya Waingereza jiji liligawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika huku, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kama mpaka. Huku ndiko kuliruhusiwa kujenga kwa udongo na makuti. Ubaguzi ule ulikuwa na tundu moja. Kwa kuwa nyumba ya udongo ilijengwa kwa fedha ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzikusanya, hata mjane au mwanamke aliyeachika, muuza mandazi au pombe, aliweza kuwa na nyumba mjini. Makuti yakageuka mabati, udongo ukageuka tofali, chumba baada ya chumba. Na ilipokuja sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, iliwakumba zaidi wenye maghorofa ya Uhindini. Nyumba ya vyumba sita ya bibi yangu haikukaribia thamani hiyo. Azimio la Arusha likampita barazani akikaanga.

Waandishi wengi wakifika hapa huingia kwenye siasa, na sina budi kuigusa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kwenye ofisi ya New Street, sasa Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake mwaka 1955 alipitia vikundi vya ngoma, ambavyo mazoezi na vikao vyake vilifanyika kwenye nyumba na nyua kama zile. Tunapenda kusema uhuru ulipiganiwa Kariakoo, kisha tunatundika picha za wanaume waliovaa kanzu na kofia. Ofisi ilikuwa moja. Nyua zilikuwa mamia, na kila moja ilikuwa na bibi mwenye ufunguo.

Tulipokuwa tukipelekwa sisi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hayo yalikuwa yameshakuwa hadithi za babu. Hali ilikuwa ngumu. Unga ulipatikana kwa foleni, na mara nyingi ulikuwa wa njano, ule ulioitwa unga wa Yanga. Babu alikuwa Simba wa kufa, akiishi hatua chache kutoka makao ya klabu yake Msimbazi, na alikula ugali ule akiuangalia kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Mwaka 1983, Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi, watu wenye mali walizitupa usiku. Asubuhi moja watoto wa mtaa waliokota sabuni kwenye mtaro, na bibi akatukataza kuzigusa. Ilipofika jioni sabuni moja ilikuwa uani inafua. Sikuuliza.

Soko lenyewe lilikuwa bado jipya. Jengo lile la zege lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu Mtanzania, lilifunguliwa Desemba 1975, na kwa mtoto lilikuwa maajabu: nguzo zilizopanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa, zikikinga mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini. Shimoni, kulikokuwa na vyakula vya jumla, kulikuwa na ubaridi na giza la kupendeza. Ghorofani wakulima walifuata mbegu na pembejeo. Nasema hivi kwa wanaodhani Kariakoo ilikuwa vurugu tupu tangu mwanzo: lile lilikuwa jengo lililofikiriwa, la mtu aliyejua mvua za Dar es Salaam na wingi wa watu wake, na halijapata bado jengo la kulishinda katika mtaa mzima wa vioo vya bluu vilivyokuja baadaye. Moto ulipolipitia mwaka 2021 nilisikitika zaidi kuliko nilivyotarajia. Serikali ikatenga takriban shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine pembeni, na hilo walifanya vema.

Sasa swali la kwenye kichwa cha habari. Aliyewahamisha mabibi ni nani?

Jibu la haraka huwa ni biashara huria. Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha za kigeni zao kuagiza bidhaa, Mwinyi akaja 1985 na ruksa yake, na ndani ya miaka michache chumba cha mbele barabarani kikawa na thamani kuliko vitano vya nyuma. Fundi cherehani wetu aliondoka kwa sababu hiyo. Dirisha likabomolewa likawa mlango wa chuma, chumba kikaitwa fremu, na mtu wa kuuza redio akalipa kilemba (fedha ya kuingilia) ambacho babu hakuwahi kukiona bandarini miaka yake yote. Nusu ya baraza ikaenda na fremu. Ni kweli, ila fremu moja haikumwondoa bibi. Ilimnenepesha kidogo. Kilichomwondoa ni kifo cha babu.

Hapa ndipo watu hunyamaza, kwa sababu ni mambo ya ndani. Nyumba ya Kariakoo ikishafiwa na mwenye hati inaitwa nyumba ya mirathi, na hilo si jina zuri. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, sehemu moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mgawo wenyewe sina ugomvi nao. Ni sheria ya dini na ilikuja na hekima yake. Ugomvi wangu ni wa mahali pengine. Kiwanja cha Kariakoo ni kidogo, nyumba ni moja, warithi ni saba, wanane, wengine wana watoto wakubwa wasio na kazi. Thumni ya nyumba ya vyumba sita ni nini? Ni robo tatu ya chumba. Hakuna mtu anayeweza kuishi ndani ya robo tatu ya chumba, kwa hiyo kila mrithi anaanza kuifikiria sehemu yake kama fedha, na nyumba ikishafikiriwa kama fedha imeshauzwa, hata kabla dalali hajabisha hodi.

Halafu kuna suala la jina. Hati ilikuwa na jina la babu. Mabati, tofali, na banda lote la uani vilitoka kwenye vitumbua. Kila mtu kwenye familia aliyajua hayo, na kwenye kikao cha warithi hakuna aliyeyasema, isipokuwa mama mkubwa, dada wa mama, aliyeuliza, "Jamani, mnagawa mali ya baba au ya mama?" Mjomba mkubwa akamjibu kwa upole, "Dada, hati inasema baba." Kikao kikaendelea.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua kesi hiyo. Lakini kifungu kilichotafsiriwa pale, cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinahusu talaka na kutengana. Mke aliyeachika anaingia mahakamani na hoja ya jasho lake mkononi. Mjane aliyekaa na mumewe mpaka mauti anaingia kwenye mirathi kama mrithi wa thumni, na jasho lake linazikwa na marehemu ndani ya neno "tarika", yaani mali aliyoiacha marehemu, bila mtu kulitenga kwanza. Wapo masheikh wanaosema wazi kwamba mali ya mke haipaswi kuingizwa kwenye mirathi ya mume hata kidogo, na wako sahihi kabisa: ya bibi ilikuwa ya bibi, igawanywe ya babu tu. Tatizo ni kwamba vitumbua havina risiti.

Basi akaja mwekezaji. Wanaomchora kama fisi wanakosea. Wengi wao ni wafanyabiashara wa humohumo, waliowahi kupanga fremu kwenye nyumba kama ile. Pendekezo linafahamika: ninyi mna kiwanja, mimi nina fedha, tujenge ghorofa kwa ubia. Wakati wa ujenzi familia inalipiwa pango kwingine. Jengo likikamilika, mwekezaji anashika fremu za chini kwa miaka waliyokubaliana ili arudishe fedha yake, warithi wanapata vyumba vya juu, na miaka ikiisha jengo lote linarudi kwenu. Kwenye karatasi ni biashara ya haki. Ukitazama vizuri utaona mambo mawili. Chini ndiko kwenye pesa, na miaka ile ya chini huwa mingi kuliko umri uliobaki wa mzee yeyote. Na juu kuna ngazi.

Bibi alipewa nyumba ghorofa ya nne. Alipanda mara chache. Magoti hayakuwa tayari, lifti ilikuwa kwenye mchoro tu. Juu kule hakukuwa na uani, hapakuwa na pa kuwasha mkaa, na hata kama angewasha, angemuuzia nani? Wapangaji wa ghorofani, wengine wakiwa wageni wa Kongo na Comoro wanaokuja kufunga mzigo na kuondoka, walipita mlangoni kwake kwa salamu nzuri na haraka. Ndani ya muda mfupi akahamia Chanika kwa mama mkubwa, kwenye nyumba yenye nafasi, miembe na upepo. Pale alikuwa na kila kitu isipokuwa kazi. Mwanamke aliyekuwa na wapangaji, wateja, wenye akiba, na watoto wa watu, akawa mgonjwa anayetunzwa. Watoto wetu wakaenda kumsalimia Chanika, shikamoo bibi, marahaba, wakakaa kwenye kochi wakatazama runinga mpaka saa ya kuondoka. Hawana cha kukumbuka, na si kosa lao.

Najua hoja za upande wa pili na baadhi ni nzito. Msala mmoja wa shimo kwa watu thelathini ni hatari, na kila msimu wa kipindupindu ulilithibitisha hilo. Kulala watu sita chumba kimoja kuna harufu yake ambayo kumbukumbu za utotoni huifuta kwa adabu. Na ardhi ya katikati ya jiji la mamilioni ya watu haiwezi kubaki na nyumba za chini milele ili sisi tupate pa kutembelea. Ghorofa lilikuwa lazima lije. Watu bado wanaishi Kariakoo, tena wengi, juu ya maduka. Ninachopinga ni dhana kwamba ghorofa lazima limtoe mzee, kama vile zege lina chuki na vikongwe.

Maana kazi zile za bibi hazikufa alipohama. Zilihamia kwa watu wengine, na nyingine zikageuka hatari. Chukua ghala. Koridoni mwake palilala matenga machache; leo kontena zima linahitaji pa kulala, na kodi ya stoo Kariakoo inamkimbiza mtu. Kwa hiyo wenye majengo wakaanza kutafuta nafasi chini ya ardhi. Jengo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 lilielezwa kuwa na kazi ya uchimbaji chini yake, na watu wasiopungua 29 walipoteza maisha. Sidai kwamba bibi kwenye korido angelizuia hilo. Nadai kwamba mtaa wenye wakazi wa miaka arobaini una watu wa kuuliza, "Hivi hawa wanachimba nini usiku?" na wenye muda wa kwenda kwa mjumbe kulalamika mpaka achoke nao. Mwenye fremu ana mkataba wa mwaka na mteja amesimama mbele yake. Kelele za chini si zake.

Au chukua usiku wenyewe. Mapema mwaka 2025 Mkoa ulizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, taa zikawekwa, kamera zikafungwa. Nilitabasamu kidogo. Mitaa ile ilikuwa na saa 24 zamani sana: mpishi anarudi alfajiri, bibi anaamka kuumua unga, wauza kahawa wanagonganisha vikombe mpaka usiku, na mwezi wa Ramadhani watu wanafuturu kwa pamoja barazani, mpita njia akikaribishwa. Macho yalikuwa ya watu. Kamera ni nzuri, ila hazimjui mtoto wa nani ni yupi.

Nini kifanyike? Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya ghorofa kuwa na hati yake. Hiyo ndiyo dawa ya ile thumni isiyokalika, lakini familia nyingi zinazoingia ubia hazisikii habari zake mpaka mkataba umeshasainiwa, kwa kuwa msimamizi wa mirathi ndiye anayezungumza na mwekezaji na mwanasheria aliyepo mezani ni wa mwekezaji. Halmashauri inatoa vibali vya ujenzi kwa viwanja hivyo kila mwaka. Inaweza kabisa kudai kuona, kabla ya kibali, makubaliano ya warithi yaliyosomwa na mwanasheria wao wenyewe, na sehemu ya mjane ikiwa na hati kwa jina lake. Inaweza kudai lifti iwepo siku ya watu kuingia, siyo kwenye mchoro. Na inaweza kutoza kidogo kwa anayeweka stoo ghorofa ya chini upande wa nyuma, na kumpunguzia anayeacha pale vyumba vya kuishi, pa kupikia, na uani mdogo wa pamoja.

Familia nazo zina la kufanya ambalo halihitaji kibali cha mtu. Andikeni mali ya mama kama mali ya mama wakati baba yu hai na anaweza kusema kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, nani alinunua mabati. Wazee wengi watasema bila kinyongo. Babu yangu alikuwa akijisifia vitumbua vya mkewe kwa kila mgeni. Na mkikaa mezani na mwekezaji, ombeni chumba kimoja cha chini, mlango wa nje, chenye hatua mbili za kuketi, kitolewe kwenye miaka yake ya fremu. Atasema haiwezekani, biashara itakufa, fremu moja ni fedha nyingi. Ni fedha nyingi kweli. Mwacheni aende akafikirie, maana kiwanja cha Kariakoo hakijawahi kumaliza wiki bila mwekezaji wa pili kuuliza mwenyewe ni nani.